Ruhusa Bila Mlango: Kisa cha Akina Mama Wawili wa Pumwani

Hospitalini kuna siku mbili zinazobeba jina moja. Ya kwanza ni ile daktari anapopita kitanda kwa kitanda asubuhi, anafungua faili na kuandika kwamba mgonjwa arudi nyumbani. Ya pili ni ile mgonjwa anapovuka geti. Zote mbili huitwa siku ya kutoka. Mwenye pesa hajui hata kwamba ni mbili, maana kwake zimeachana kwa saa chache tu, muda wa kupanga foleni kwenye dirisha la malipo. Asiye nazo anaweza kukaa kati ya siku hizo hadi kitovu cha mtoto kikadondoka.

Kisa ninachokichambua kilitokea katikati hapo. Ni kesi ya akina mama wawili waliojifungulia Hospitali ya Uzazi ya Pumwani, Nairobi, hospitali iliyoanza mwaka 1926 na ambamo wamezaliwa Wanairobi wasiohesabika. Hukumu inawataja kwa herufi tu, M.A.O. na M.O., nami nitawaacha hivyo hivyo. Walipeleka Mahakama Kuu ombi la kikatiba nambari 562 la mwaka 2012, dhidi ya serikali, baraza la jiji lililokuwa likiiendesha hospitali, na hospitali yenyewe. Jaji Mumbi Ngugi alitoa hukumu tarehe 17 Septemba 2015.

M.A.O. alifika Pumwani mwaka 2010 akiwa na uchungu na hana pesa. Kwa maelezo yake, alidaiwa malipo ya awali kabla hata hajahudumiwa. Akajifungua. Alipopaswa kwenda nyumbani bili ilikuwa haijalipwa, na hapo ndipo kisa kinapoanza: hakuruhusiwa kuondoka. Alikaa humo siku 24 pamoja na mwanawe mchanga, akilala sakafuni karibu na choo kilichokuwa kikifurika. M.O. naye alijifungua kwa upasuaji hapo hapo mwaka huo huo, akapata matatizo mazito ya upasuaji wenyewe, kisha naye akazuiliwa kwa siku chache kwa sababu ile ile ya deni.

Kesi hii huzungumzwa zaidi kama kesi ya afya ya uzazi na haki za wanawake, na hiyo ni sawa. Mimi naisoma kama kesi ya mlango. Ndani yake mna mfano safi kuliko yote ninayoijua katika sheria zetu wa kosa la kumzuia mtu isivyo halali, na ukiifuata hatua kwa hatua unaona jinsi kosa hilo linavyothibitishwa, hata pale ambapo hakuna pingu, hakuna seli, na kila mtu aliyehusika anaamini anafanya kazi yake.

Tuanze na kosa lenyewe. Mtu akikunyang'anya uhuru wa kwenda utakako, kwa makusudi, bila idhini ya sheria, amekukosea, nawe unaweza kumdai fidia. Huhitaji kuonyesha kidonda. Huhitaji kuonyesha kwamba ulipoteza kazi au biashara. Kuzuiliwa kwenyewe ndiyo hasara. Kwa kuwa ni kesi ya madai, hupimwi kwa kipimo cha jinai cha kuondoa kila shaka ya maana. Inatosha kuonyesha kwamba maelezo yako yana uzito kuliko ya mwenzako. Halafu kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui, hata waliowahi kuzuiliwa: ukishathibitisha kwamba ulizuiliwa, kazi yako imekwisha. Mzigo unahama. Sasa ni juu ya aliyekuzuia kusimama na kueleza ni sheria ipi iliyompa ruhusa. Si wewe wa kuthibitisha kwamba hakuwa nayo.

Kwa hiyo swali la kwanza kuhusu M.A.O. ni jepesi kulitamka na si jepesi sana kulijibu: je, alizuiliwa? Wodi si jela. Mgonjwa wa wodini anaamka, anakwenda bombani, anaanika nepi, anaota jua uani, anapokea wageni saa za kuonana. Wakili wa upande wa pili angeweza kusema, mama huyu alitembea kila siku, kifungo kiko wapi?

Jibu la zamani la swali hilo linatoka darajani. Mwaka 1843 huko London, sehemu ya njia ya miguu ya daraja la Hammersmith ilizungushiwa uzio ili watu wakodi viti na kutazama mashindano ya mitumbwi. Bwana mmoja akaruka uzio, polisi wakamzuia asiendelee mbele lakini wakamwambia yuko huru kurudi alikotoka. Alisimama pale kama nusu saa kwa ubishi. Mwaka 1845 majaji wengi katika kesi hiyo ya Bird na Jones walisema hakuwa amefungwa, kwa kuwa kumfungia mtu upande mmoja huku pande nyingine ziko wazi si kifungo. Jaji Coleridge akaeleza kwamba gereza linaweza kuwa pana au finyu, la ukuta unaoonekana au la mawazo tu, la kuhama au la kukaa mahali pamoja, ila lazima liwe na mpaka. Jaji Mkuu Denman hakukubaliana na wenzake. Yeye hakuona haja ya mpaka kamili. Nikiri kwamba kila nikiisoma naegemea kwa Denman kwa moyo na kwa Coleridge kwa akili.

Hata hivyo maneno ya Coleridge, ambayo yalimshinda mdai wa darajani, ndiyo yanayomsaidia mama wa Pumwani. Gereza pana ni gereza. Ukiwa na wodi, ukumbi, uani na bomba, halafu pande zote zikaishia kwenye ua na geti lenye mlinzi anayedai karatasi ya kutokea, mpaka upo na umekamilika. Upana wa mahali hauondoi kifungo. Unapunguza tu ukali wake.

Je, hakuna aliyemshika mkono? Haikuhitajika. Sheria haidai nguvu za mwili. Inatosha mwenye mamlaka ya mahali aseme hutoki, nawe ukaamini kwamba ukijaribu utazuiwa. Anayeona soja amekaa getini na kitabu chake halazimiki kwanza agombane naye, avuliwe kanga mbele ya watu, ndipo mahakama imwamini. Mama mwenye mshono mbichi ndiye wa mwisho kutakiwa kupima nguvu za mlinzi.

Na kuna mtoto. Tuseme mama peke yake angeweza kupenya: avae buibui la mgeni, achanganyike na waliokuja kuona wagonjwa, atoke nao saa kumi jioni. Watu wamewahi kutoka hivyo, sote tumesikia visa. Lakini njia ya kutokea inayokutaka umwache mwanao mchanga nyuma si njia. Sheria haisemi uko huru kwa sababu dirisha la ghorofa ya tatu liko wazi. Inauliza kama kuna njia ambayo mtu mwenye akili timamu angetarajiwa kuipita. Aliyemshika mtoto wa siku tatu amemshika mama yake bila kumgusa.

Mtoto huyo ananivutia kwa sababu nyingine. Je, naye alizuiliwa? Hakujua. Hakuwa na habari kwamba kuna geti duniani. Sheria ya Uingereza ilitapatapa juu ya hili kwa karne moja na nusu. Mwaka 1834, katika kesi ya Herring na Boyle, mwalimu mwenye shule ya bweni alimnyima mama mwanawe wa miaka kumi aliyekuja kumchukua kwa likizo ya Krismasi, akisema karo kwanza. Mahakama ikaitupa kesi ya mtoto kwa kuwa hapakuwa na ushahidi kwamba alijua anazuiliwa. Mwaka 1919 upepo ukageuka. Mfanyakazi wa kiwanda cha ndege, Meering, alikuwa ameketi kwenye chumba cha kusubiri ofisini akidhani ameitwa kutoa habari za wizi, kumbe walinzi wa kiwanda wameambiwa wasimwachie atoke mpaka polisi wafike. Jaji Atkin akasema mtu anaweza kufungwa akiwa usingizini, akiwa mlevi, akiwa amezimia, na kwamba waliomfunga wanaweza kuwa mahali pengine wakijigamba kuwa wamemfunga huku mwenyewe hajui. Kutojua kutapunguza fidia tu. Mwaka 1988, katika kesi ya Murray iliyotoka Belfast, Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya mwisho ya Uingereza wakati huo, likaunga mkono msimamo huo na kuonyesha kwamba hukumu ya 1834 haiwezi kutegemewa tena. Kwa hesabu hiyo, naona mtoto wa M.A.O. alizuiliwa siku 24 naye. Fidia yake ingekuwa ndogo, pengine ya jina tu. Lakini kichwa cha kesi kina herufi za akina mama peke yao.

Sasa ushahidi. Hapa ndipo kesi nyingi za kuzuiliwa hufia, kwa sababu aliyezuiliwa anakuja na neno lake tupu na aliyezuia anakuja na faili. Lakini katika kuzuiliwa kwa deni mambo yamegeuka kichekesho: faili ndiyo shahidi wa mdai. Angalia. Daktari ameandika tarehe aliyomruhusu mgonjwa. Daftari la geti au la wodi lina tarehe aliyotoka kweli. Toa moja kwenye nyingine, unapata siku. Nani aliyaandika hayo? Hospitali. Tena mara nyingi bili inaendelea kupanda kwa gharama ya kitanda kwa kila siku ya ziada, yaani mzuiaji anaandika mwenyewe, mstari kwa mstari, idadi ya siku alizomzuia mtu, halafu anamtaka alipie. Siijui daawa nyingine ya madhara, yaani kesi ya kudai fidia kwa kukosewa na mtu kama hivi, ambayo mkosaji hukupa risiti ya kosa lake.

Kuna na karatasi nyingine zinazopatikana kwa urahisi kama mtu atakumbuka kuzitunza. Barua ya ndugu anayeahidi kulipa kidogo kidogo. Kitambulisho kilichobaki ofisini kama rehani. Ujumbe wa simu kwa mume au dada: nimeruhusiwa lakini wamenikatalia getini, tafuteni elfu ngapi ngapi. Ujumbe wa namna hiyo, ulioandikwa siku ile ile kabla ya mtu yeyote kufikiria kesi, una nguvu kuliko kiapo kilichoandikwa miaka miwili baadaye kwenye ofisi ya wakili. Jirani wa kitanda cha pili naye ni shahidi, kama namba yake ya simu ilichukuliwa. Na kama ndugu walikwenda kituo cha polisi, basi kuna namba ya kitabu cha matukio, hata kama polisi waliwaambia hilo ni suala la madai wakawarudisha.

Katika kesi ya Pumwani ushahidi ulikuja kwa hati za viapo, kama ilivyo desturi ya maombi ya kikatiba. Hatari ya njia hii ni kwamba jaji hamwoni shahidi akitoa jasho kizimbani. Faida yake ni kwamba kila upande unalazimika kujifunga kwa maandishi. Na upande wa hospitali ukishakubali kwamba bili haikulipwa na kwamba mgonjwa hutoka baada ya kukamilisha malipo au kusamehewa, umeshakubali nusu ya madai. Kilichobaki ni kuhalalisha.

Kuhalalisha kukoje? Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu hoja ya hospitali si ya kipuuzi na wengi wetu tunaiamini kimoyomoyo. Dawa ya deni kulipa, ndivyo tulivyolelewa. Hospitali imenunua dawa, imelipa manesi, imewasha taa usiku kucha. Ikiwaacha watu watoke hivi hivi itafungwa, na atakayekuja kesho na uchungu atakuta kufuli. Hoja hiyo inathibitisha vizuri sana kwamba deni lipo. Haithibitishi lolote kuhusu geti.

Mwaka 1838 mwenye nyumba ya wageni huko Uingereza alidai mteja wake amekula na hakulipa, akamzuia na kumvua koti ili alishike kama dhamana. Kesi ni Sunbolf na Alford. Jaji Abinger aliuliza swali ambalo bado halijapata jibu: kama una haki ya kumshika mtu mpaka alipe, na hana cha kulipa, utamwachia lini? Haki hiyo ikikubaliwa, inaweza kumaanisha kifungo cha maisha kwa bei ya chakula. Mahakama ikasema mwenye nyumba ya wageni anaweza kushikilia mizigo ya mgeni, si mwili wake wala nguo alizovaa. Ukiibadilisha sahani kuwa kitanda cha uzazi, hoja inabaki vile vile. Kwa wapenzi wa tarehe: sheria ya Kenya inachukua kanuni za kimila za Uingereza, yaani zile zilizojengwa na hukumu za majaji wake, kama zilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, kwa kadiri zinavyofaa hali ya nchi, na Tanganyika ilizichukua za tarehe 22 Julai 1920. Koti la 1838 limo ndani ya mipaka yote miwili.

Wakili mjanja wa hospitali angejibu kwa kesi ya pantoni. Sydney, mwaka 1905, kampuni ya feri ya Balmain ilitoza peni moja kwa kila anayeingia au kutoka kwenye gati la upande wa jiji. Abiria mmoja, naye mwanasheria, akalipa, akaingia, akakuta feri imeondoka. Akataka kutoka. Akaambiwa peni nyingine. Akakataa, akajaribu kujipenyeza pembeni ya kizuizi, wafanyakazi wakamzuia kwa nguvu. Baraza la wazee wa mahakama lilimpa fidia, lakini mahakama ya juu ya Australia ikaifuta, na mwaka 1910 kesi ikafika hadi London, akashindwa tena. Sababu: aliingia kwa mkataba wa kutoka kwa njia nyingine, yaani kwa feri, na hakuna sheria inayomlazimu mwenye gati kumfungulia bure njia ambayo haikuwa kwenye mkataba.

Kwa hiyo je, mama wa Pumwani aliingia akijua kuna malipo, basi alikubali kuzuiliwa? Hapana, na tofauti ni mbili. Abiria wa Sydney alikuwa na njia ya pili iliyolipiwa tayari: angesubiri feri inayofuata, iliyobakiza kama dakika ishirini. Mama hakuwa na feri. Tena ile peni ilikuwa bei ya kupita mahali pale, haikuwa deni la huduma iliyokwisha kutolewa. Bili ya hospitali si ada ya geti. Mimi mwenyewe sipendi uamuzi wa Sydney, naona uliweka peni moja juu ya mwili wa mtu, lakini hata ukiupokea wote haufiki Pumwani. Na hata ingesemwa kwamba mtu alitia sahihi fomu ya kukubali masharti yote ya hospitali mlangoni, huku uchungu unakatiza, ningependa kumwona jaji atakayeiita hiyo idhini.

Kuna na ngazi ya juu zaidi. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 1972, unasema katika ibara ya 11 kwamba mtu asifungwe kwa sababu tu ameshindwa kutimiza wajibu wa mkataba. Katiba ya 2010, ibara ya 2, inaifanya mikataba ya namna hiyo kuwa sehemu ya sheria ya Kenya. Ni kweli sheria ya mwenendo wa madai bado inajua jela ya madai. Lakini huko mdeni hupelekwa na mahakama, baada ya hukumu, baada ya kuitwa ajieleze kwa nini asifungwe. Keshia wa dirisha namba mbili hana mamlaka ambayo hata hakimu hayatumii kabla ya kumsikiliza mtu.

Jaji Ngugi alikata shauri hivyo kwa lugha ya Katiba. Kuwazuia akina mama hao kwa kushindwa kulipa hakukuwa na msingi wa sheria. Kulikiuka uhuru wao chini ya ibara ya 29, inayokataza mtu kunyimwa uhuru kiholela au bila sababu ya haki, na heshima yao ya utu pia. Katiba hiyo ilitangazwa rasmi tarehe 27 Agosti 2010. Wino ulikuwa bado mbichi M.A.O. alipokuwa amelala karibu na choo.

Kwa nini walikwenda kwa njia ya Katiba badala ya kudai fidia ya kawaida? Sitawasemea mawakili wao, ila kalenda inasema yenyewe. Nchini Kenya, anayetaka kuishitaki serikali au serikali ya mtaa kwa kosa la madhara ana miezi 12 tu tangu siku ya tukio. Kuzuiliwa kulikuwa 2010. Ombi lina namba ya 2012. Kwa njia ya kawaida mlango huo nao ungekuwa umefungwa. Madai ya kikatiba hayakubanwa na miezi hiyo 12, ingawa mahakama haipendi mtu aliyelala bila sababu. Tanzania muda wa kesi za madhara ni miaka 3, lakini ukiishitaki Serikali lazima kwanza uipe notisi ya siku 90, na wengi huikumbuka siku ya 91 ya kuchelewa. Anayedai dhidi ya hospitali binafsi Kenya ana miaka 3. Nawataja hawa kwa makusudi, maana kuzuilia wagonjwa si tabia ya hospitali za umma peke yake, na Mahakama Kuu imeshatoa hukumu za mwelekeo huo huo dhidi ya hospitali binafsi. Hata maiti: mwaka 1998 Mahakama Kuu ya Mombasa iliamua kwamba hospitali haiwezi kushikilia mwili wa marehemu kwa deni la matibabu, kwa kuwa maiti si mali ya mtu hata awekwe rehani.

Njia ya Katiba ina gharama yake lakini. Inafunika kosa dogo la wazi kwa blanketi kubwa. Mahakama ilimpa M.A.O. shilingi milioni 1.5 na M.O. shilingi 500,000. Nimewahi kumsikia mtu akigawa milioni hiyo na nusu kwa siku 24 na kupata shilingi 62,500 kwa siku, kana kwamba sasa kuna bei ya siku moja ya kuzuiliwa. Hesabu ni sahihi na matumizi yake si sahihi. Kiasi kile kilikuwa kwa mkusanyiko wa haki zilizovunjwa, pamoja na jinsi mtu alivyotendewa. Hata katika kesi ya kawaida ya kuzuiliwa, majaji hawazidishi siku kwa bei: saa ya kwanza, yenye mshtuko na aibu, huwa nzito kuliko saa ya mia. Anayezuiliwa saa tano mbele ya wateja sokoni anaweza kupewa zaidi ya aliyezuiliwa siku mbili kwa heshima. Sakafu, choo, mtoto mchanga, ndivyo vinavyopandisha fidia. Kalenda inasaidia tu.

Mahakama haikuishia kwenye fedha. Iliagiza serikali ichukue hatua za kuwalinda wagonjwa wasizuiliwe kiholela katika vituo vya afya, ikiwemo kutunga sheria na sera, na iweke mwongozo wazi wa utaratibu wa msamaha wa gharama. Sehemu hii ya msamaha ndiyo naipenda, kwa sababu inagusa kiini cha mambo yanavyokwenda wodini. Utaratibu wa kusamehe upo kwenye makaratasi, lakini kama hakuna aliyemweleza mgonjwa kwamba upo, na kama ofisa wa ustawi wa jamii anakuja wodini Jumanne na Alhamisi tu, basi kusubiri msamaha ni jina jingine la kuzuiliwa. Kufikia siku ya hukumu, huduma ya uzazi katika vituo vya umma ilikuwa imetangazwa bure tangu tarehe 1 Juni 2013. Mama mwingine aliyefika Pumwani baada ya hapo kwa uchungu wa kawaida asingekutana na bili ile. Lakini wagonjwa wa figo, wa ajali na wa saratani hawakuwemo kwenye tangazo hilo, na milango yao iko vile vile.

Kitu kimoja hukumu haikufanya, na watu hukosea hapa: haikusema deni limekufa. Aliyezuiliwa akishinda kesi anabaki mdaiwa kama alikuwa mdaiwa. Hospitali ina karatasi, ina sahihi, ina anwani, na sasa Kenya ina Mahakama ya Madai Madogo chini ya sheria ya mwaka 2016, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1 na kutakiwa kuyamaliza ndani ya siku 60. Wakili si lazima. Bili ya wodi ya uzazi ya mwaka 2010 ingeingia humo mara nyingi na nafasi ikabaki.